Safari ya Houston Kutafuta Shahada Niliyokuwa Nayo

Mnaoniuliza kwenye barua zenu ilikuwaje mhandisi wa maji mwenye umri wangu akapanda basi kwenda Houston kubembeleza watu wa kaunta, sababu ni karatasi moja yenye aya mbili. Ilitufikia Richardson, kaskazini mwa Dallas, Jumatatu mchana. Aya ya kwanza ilisema shahada yangu ya chuo kikuu cha ufundi cha Uholanzi ni sawa na shahada ya kwanza ya Marekani, basi, hakuna zaidi. Aya ya pili ilisema wastani wa alama zangu ni C.

Niliisoma nimesimama kando ya sanduku la barua, nikaisoma tena jikoni, kisha nikamsomea mke wangu Rehema kwa sauti ya juu kana kwamba ndiye aliyeiandika.

"Sasa mimi unanifokea nini, Baba Salma?" akasema. "Si uwa-call wenyewe?"

"Nimewapigia. Wanasema niandike barua."

"Basi andika."

"Barua inajibiwa baada ya wiki sita!"

Niwaeleze kilichonichoma. Tangu tushinde bahati nasibu ya viza na kuhama Dar, ilikuwa imepita miaka mitatu, na miaka yote hiyo mimi niliyekuwa nikisimamia mifereji ya maji ya mvua ya mji mzima nilikuwa mchoraji tu katika kampuni moja ya simu pale Richardson. Nilichora njia za nyaya za chini ya ardhi, na aliyenisahihisha ni kijana aliyemaliza chuo juzi. Kila nilipouliza mbona sipewi kazi ya uhandisi, walinijibu kwamba faili langu halionyeshi elimu inayotakiwa. Kisha makampuni ya simu yakaanza kuyumba, wakapunguza watu, nami nikapewa boksi nitie vitu vyangu.

Ndipo nilipoona tangazo la kampuni ya Sugar Land, kusini magharibi mwa Houston, inayobuni mitaro na mabwawa ya kupokea maji ya mvua kwenye mitaa mipya. Ilikuwa kazi yangu hasa. Mkuu wao, Bi. Carol, alinihoji kwa simu saa nzima, akasema ananitaka, ila mradi unadai mtu mwenye shahada ya uzamili, tena iwe imethibitishwa na ofisi ya kutathmini vyeti vya nje. Nikajaza fomu ya ofisi hiyo, nikatuma vyeti, nikalala usingizi mzuri. Bi. Carol alikuwa ameniambia faili litafungwa Ijumaa saa sita mchana. Na sasa, Jumatatu, ninaambiwa sina uzamili na kichwa changu ni cha C.

Hapa sina budi kueleza jambo nililolieleza mara nyingi hadi mdomo umechoka. Chuo nilichosoma, enzi zangu, hakikuwa na shahada ya kwanza wala ya pili. Mtu aliingia, akasoma miaka mitano kwenye makaratasi, sita au saba katika maisha ya kweli, akatetea kazi yake mbele ya maprofesa, akatoka na shahada moja tu, na cheo cha mhandisi kikakaa mbele ya jina lake hadi kaburini. Shahada hiyo ni sawa na uzamili. Na alama zao ni moja hadi kumi. Kumi haipewi mtu. Tisa husikika tu kwamba ilitolewa mwaka fulani kwa mtu fulani. Ukipata nane, wahadhiri wanaanza kukusalimia kwa jina. Saba ni mtu mzuri kabisa, na sita ndiyo waliyoitaka wengi, kwa sababu sita inatosha kupita na jioni inabaki ya kwenda kunywa. Mimi wastani wangu ulikuwa saba na nusu. Mmarekani aliichukua saba na nusu yangu, akaizidisha kwa kumi, akapata sabini na tano, akaandika C.

Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Rehema alinipeleka kituo cha treni ya umeme kwa sababu gari ni moja na yeye alikuwa na zamu ya asubuhi katika nyumba ya kutunza wazee. Salma, mwenye miaka tisa, alikuwa kiti cha nyuma na sare ya shule, hajaamka vizuri.

"Dad, did you flunk?"

"Nani kakufundisha kumuuliza baba yako kama amefeli?"

"Mom said you got a C."

Rehema akatazama kioo cha pembeni kana kwamba kuna gari linakuja. Halikuwapo. Nikashuka bila kuaga vizuri, jambo nililolijutia hadi nilipofika katikati ya Dallas, ambako nilipata jambo jingine la kukasirikia, nalo ni basi.

Basi lilichelewa saa moja na robo bila mtu yeyote kueleza kwa nini. Lilipokuja, dereva alitutangazia kwa furaha kwamba tutafika kwa wakati. Tulipopita mji wa Corsicana kiyoyozi kikafa. Madirisha ya mabasi yao hayafunguki, kwa hiyo tulipikwa taratibu, abiria thelathini na kitu, kila mmoja akiipepea tiketi yake usoni. Nje ni tambarare, ng'ombe, makanisa yenye maegesho makubwa kuliko kanisa lenyewe, na mabango ya mawakili wanaouliza kama umeumia katika ajali. Nilijipumbaza kwa kutazama mitaro ya kando ya barabara, tabia ambayo Rehema anaichukia kila tunaposafiri. Karibu na Huntsville misonobari inaanza, ardhi inapanda kidogo, halafu inashuka na haipandi tena. Houston imekaa kama sinia. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda mpaka mtu ayaonyeshe njia, na kwa kazi hiyo mji mzima ulihitaji watu kama mimi. Nami nilikuwa ninaingia humo kwa basi lisilo na hewa, nikiwa na bahasha ya kujieleza kwamba nilienda shule.

Saa tisa alasiri nilishuka, shati limenigandia mgongoni. Rafiki yangu Bahati alikuwa ananisubiri na gari lake dogo la bluu. Bahati ni Mkongomani wa Bukavu. Alikuwa akifanya usafi katika jengo letu la Richardson kabla hajahamia Houston kufanya kazi ghalani, na huko Richardson tulizoeana kwa sababu sisi wawili tu ndio tuliokuwa tukisalimiana kwa zaidi ya neno moja. Nilimweleza habari yote kabla hajatoka kwenye maegesho.

"Ngoja kwanza," akasema. "Donc hauna diplôme ya kwanza, lakini uko na ya pili? C'est pas possible, ndugu yangu."

"Inawezekana. Ndivyo walivyo Waholanzi."

"Njo maana wale watu wa bureau wanachanganyikiwa. Hata miye nimechanganyikiwa."

Nikageuza uso dirishani. Bahati akaendesha kidogo, kisha akasema, bila kunitazama, "Miye nilikuwa mwalimu wa mathématiques. Diplôme yangu iliunguaka na nyumba. Hakuna mutu wa kuniambia eti ni C." Akacheka, akawasha redio. Mimi sikuweza kucheka naye, nikabaki nimeishika bahasha yangu kwa mikono miwili mpaka kwake Alief, ambako mkewe alitupakulia ugali na sombe, kisamvu chao, nikala kama mtu aliyetoka kufunga.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya tathmini. Iko ghorofa ya nne ya jengo la vioo, katikati ya daktari wa meno na wakala wa bima. Kaunta ilikuwa na msichana mmoja, Denise, mpole, mwenye tabasamu lisilochoka. Nilimweleza habari ya miaka mitano, habari ya shahada moja, habari ya saba na nusu. Nilieleza nikiwa nimeketi, kisha nikaeleza nimesimama.

"Ninaelewa kabisa unavyojisikia," akasema.

Ndugu zangu, hakuna sentensi inayonitia wazimu katika nchi hii kama hiyo. Nilimwambia sitaki anielewe, ninataka abadilishe neno moja kwenye karatasi. Alisema wao hutathmini kilichowasilishwa na mwombaji mwenyewe, hawaongezi wala hawapunguzi. Ningetaka mapitio, nilete ushahidi mpya, ama barua ya chuo, ama maelezo ya mtu mwenye shahada ile ile anayeujua mfumo ule.

Nikatoka kupiga simu Uholanzi kwa kadi ya simu. Sauti iliyorekodiwa iliniambia ofisi ya masjala hupokea simu Jumanne na Alhamisi, asubuhi tu. Ilikuwa Alhamisi, lakini asubuhi yao ilikuwa imeshapita hata kabla Denise hajaanza kunielewa. Nilikata simu kwa nguvu, kadi ikameza dakika zote zilizobaki, na sijui ni kampuni gani ya kulaumu kwa hilo.

Ndipo nilipomkumbuka Bwana Hendrik. Alikuwa mwaka wa mwisho nilipoingia mwaka wa kwanza, akisaidia katika maabara ya maji, kwenye lile banda kubwa ambamo walikuwa wamejenga bandari nzima ya saruji, yenye mawimbi ya kutengenezwa, urefu wa kiuno. Tulikuwa tukitumiana kadi za mwaka mpya, na anwani yake ilikuwa Katy, magharibi mwa Houston. Sikumpigia simu. Mtu humpigii simu baada ya miaka kumi na tano kumwomba jambo zito. Unakwenda, unasalimia, unaulizia watoto, na jambo lenyewe linakuja baadaye. Bahati aliniunga mkono kabisa. Alipotoka kazini tukaingia barabara kuu pamoja na Houston yote iliyokuwa inarudi nyumbani, tukatambaa saa moja na dakika hamsini. Tulifika saa kumi na mbili jioni kamili.

Bwana Hendrik alifungua mlango mwenyewe. Mrefu vile vile, nywele zimekwisha. Alinitambua papo hapo, nikafurahi, nikafungua mikono.

"Tuna miadi?" akauliza.

Kiholanzi changu kilikuwa kimeota kutu lakini sentensi hiyo niliikumbuka vizuri sana. Nikasema hatuna, ila nimetoka Dallas kwa basi, ni jambo la dharura. Nyuma yake niliona meza, mke, sahani mbili na viazi.

"Tunakula," akasema. Akaenda ndani, akarudi na shajara, akaipekua. "Kesho, saa tatu na robo hadi saa nne."

"Kesho saa sita mchana faili langu linafungwa, Hendrik."

"Basi saa tatu na robo ni mapema vya kutosha. Nimefurahi kukuona." Na kweli alionekana amefurahi. Kisha akafunga mlango, polepole, kwa adabu.

Bahati alikuwa ameshatoka kwenye gari na amefunga vifungo vya shati, tayari kwa kukaribishwa.

"Hata mayi?" akauliza. "Hakukupa hata mayi ya kunywa?"

Nilipanda gari. Njiani nilimtukana Hendrik, nikamtukana mfalme aliyekianzisha chuo, nikawatukana wahandisi wote walioikausha nchi ile badala ya kuiacha izame salama. Bahati alinisikiliza mpaka Alief, akasema kesho amepewa ruhusa kazini na atanipeleka tena.

Ijumaa, saa tatu na dakika kumi na tatu, tulikuwa mlangoni, na tulisubiri dakika mbili kwa sababu sasa mimi mwenyewe niliona aibu kufika kabla ya wakati. Hendrik alitukaribisha wote wawili kwenye chumba chake cha kazi. Kahawa ilikuwa mezani tayari. Ukuta mzima ulikuwa wa majalada, kila moja na mwaka wake mgongoni. Aliisoma karatasi yangu ya aya mbili, akaiweka chini kama mtu aliyeokota kitu kisicho safi.

"Huu ni upuuzi," akasema.

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikamwomba aandike barua ya kueleza chuo kile ni nini. Kwanza alinieleza mimi, utadhani sikusoma pale. Alianza na mfalme wa karne ya kumi na tisa aliyetaka wahandisi wa serikali, na jinsi shule ile hapo mwanzo ilivyowafundisha pia maofisa wa kwenda kutawala makoloni ya Asia, jambo ambalo, alisema, halipaswi kufichwa. Akaja kwenye siku ilipofanywa shule ya ufundi wa aina zote, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ilipopandishwa hadhi ikaanza kutoa hata udaktari. Akaja kwenye usiku mmoja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bahari ilipovunja matuta na kuzamisha majimbo, na jinsi kizazi kizima cha chuo kilivyoingia kazini kuifungia bahari mlango. Akaja kwenye miaka yetu, serikali ilipoamua kwamba sasa kiitwe chuo kikuu, tukaingia kwa jina moja na kutoka kwa jina jingine.

"Jina wamelibadilisha mara nyingi," akasema, "lakini aliyetoka alikuwa mhandisi mzima. Hatukumpa mtu karatasi ya katikati. Tuta la nusu ni nini? Ni udongo tu. Sasa hivi wameanza shahada mbili kama Waingereza. Nimewaandikia kulalamika."

Bahati, ambaye hakuelewa neno, alitikisa kichwa kwa heshima kila aliposikia sauti ikipanda. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Nilimwonyesha Hendrik saa. Akaketi, akaandika kwa Kiingereza, akanipa. Barua yote ilikuwa hivi: shahada hii ni ya miaka mitano na haina shahada nyingine kabla yake, alama ya saba katika chuo hiki ni nzuri, ninamfahamu mwombaji, na kazi yake haikuwa mbaya.

"Haikuwa mbaya?" nikasema.

"Haikuwa."

"Hendrik, hii ni Marekani! Hapa hata mtoto akifunga kamba za viatu wanaandika ni bora kabisa. Ukisema haikuwa mbaya, watadhani tumegombana."

"Nikiandika bora kabisa, itakuwa uongo. Wastani wako?"

"Saba na nusu."

Akainua nyusi. "Ulinishinda. Mimi ni sita na nusu." Akafikiri. Akachukua kalamu, akakata neno, akaandika juu yake. Sasa kazi yangu ilikuwa nzuri. Nadhani alikuwa hajawahi kumwandikia mtu maneno matamu kiasi hicho.

Kisha, akiwa anakunja barua, akasema kitu kilichonisimamisha. "Lakini sielewi. Ofisi hii hii ndiyo iliyonitathmini mimi nilipohamia huku. Walinipa uzamili bila barua ya mtu."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamfasiria Bahati. Bahati akasema, "Ah, voilà," na akakunja mikono, kwa maana sote wawili tulidhani tumeshajua jibu. Shahada moja, chuo kimoja, muhuri mmoja, mzungu mwenye sita na nusu kapewa uzamili, mweusi mwenye saba na nusu kapewa C. Nilisimama. Nilianza kusema mambo ambayo nilikuwa nimeyaweka akiba miaka mitatu, kwa Kiholanzi, kwa Kiingereza, na yaliyobaki kwa Kiswahili. Hendrik hakubisha. Alikwenda kwenye majalada, akavuta moja, akafungua bila kutafuta, akaweka mbele yangu nakala ya fomu aliyowajazia.

Ilikuwa fomu ile ile. Kisanduku cha tatu kinasema: shahada ya kwanza, taja jina na tarehe. Hendrik alikuwa amekipiga mstari wa pembe hadi pembe, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: HAIPO. CHUO HIKI HAKITOI. TAZAMA KISANDUKU CHA NNE. Katika kisanduku cha nne, cha uzamili, ndimo alimoandika shahada yake.

"Wewe uliandika nini hapa?" akauliza, kidole kwenye kisanduku cha tatu.

Niliikazia macho fomu. Nilikuwa nakumbuka meza yetu ya jikoni, fomu na maelekezo yake: jaza nafasi zote, fomu isiyokamilika itarudishwa. Nilijua kabisa sina shahada ya kwanza. Lakini tangu darasa la kwanza tulifundishwa kwamba nafasi iliyo wazi ni kosa, na karani akirudisha fomu aibu ni yako. Nikaona sitakiacha kitupu. Nikaandika shahada yangu katika kisanduku cha tatu, na cha nne nikaweka mstari mdogo. Nilidhani vyeti vyenyewe vitajieleza.

"Niliandika hiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu waliuliza."

Hendrik akaisoma tena fomu yake. Nikamuuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kama anadhani wangeyakubali maandishi kama yale kutoka kwa mtu kama mimi, kuchora fomu yao pembe hadi pembe na kuwaambia wameuliza vibaya.

"Sijui," akasema. "Hukujaribu."

Nilimchukia kwa jibu hilo, na bado silipendi, kwa sababu yeye hajawahi kusimama kwenye kaunta akiwa mimi. Lakini kweli sikujaribu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili, miadi yangu inakwisha. Hendrik akatazama shajara yake, akafuta mstari mmoja, akachukua ufunguo wa gari.

Saa tano na robo tulikuwa ghorofa ya nne, watatu. Denise alizisoma fomu mbili sambamba, yangu na nakala ya Hendrik. Akatoa fomu mpya, akanipa kalamu. Nilipofika kisanduku cha tatu mkono ulisita, nasema kweli, ulisita kama mara ya kwanza. Hendrik alikuwa nyuma yangu. Nikapiga mstari. Nikaandika HAIPO.

"Mbona hukuandika hivi tangu mwanzo?" akauliza Denise, na safari hii hakutabasamu. Alisema mapitio yatatoka Jumanne.

"Jumanne nitakuwa nimeshaikosa kazi."

"Umewauliza?"

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili nilimpigia Bi. Carol kwa simu ya kaunta. Sikuulizia hali yake wala ya kazi zake. Nilisema: shahada yangu ni uzamili, tathmini mliyotumiwa ina kosa, kosa ni langu, nilijaza vibaya, sahihisho litatoka Jumanne. Nikafumba macho.

"Jumanne?" akasema. "Sawa, Jumanne." Na akauliza kama nimewahi kubuni bwawa kwenye udongo wa mfinyanzi.

Nisiwaache roho juu: Jumanne faksi ilitoka, neno uzamili likiwa humo, na kazi niliipata. Alama zangu nazo zilipanda hadi B, nikaambiwa nishukuru. Ila pale kwenye kaunta sikushangilia. Nilimshukuru Hendrik. Alisema hakuna haja, aliyoyaandika ni ya kweli, akanipa mkono akaenda zake. Bahati alinikumbatia katikati ya ofisi mpaka daktari wa meno akachungulia.

Jumamosi nilirudi kwa basi la asubuhi, kiyoyozi kinafanya kazi, basi limeondoka kwa wakati, na hata hivyo sikuona raha. Katika saa nne na nusu za njiani nilijaribu kupata mtu wa kumlaumu na nikawakosa mmoja mmoja. Mlioko nyumbani mnaojiandaa kuja huku na vyeti vya kutoka nchi nyingine, ninalo moja la kuwaambia: swali likiwa halikuhusu, andika kwamba halikuhusu, hata kama kisanduku kinakukodolea macho. Watu hawa hawatakisia. Wataamini ulichoandika.

Rehema alinipokea Dallas, Salma hayupo, ameachwa kwa jirani. Nilimsimulia yote tukiwa barabarani kuelekea Richardson: Denise, viazi, mfalme, kazi isiyokuwa mbaya. Nilipofika kwenye kisanduku cha tatu alicheka mpaka ikabidi aegeshe gari pembeni, akafuta machozi kwa mkono wa sare yake ya kazi. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kisha akaacha kucheka. Alikaa na mikono kwenye usukani, anatazama mbele.

"Na ile fomu ya kampuni ya simu, Baba Salma," akasema. "Ile uliyojaza tulipofika, miaka mitatu iliyopita. Uliijazaje?"

Magari yalikuwa yanapita. Nilitazama mtaro wa kando ya barabara.

Nilikuwa nimeijaza hivyo hivyo.